Herbert Chapman: Kocha aliyeomba miaka mitano Arsenal

UKIINGIA kibanda chochote cha kuonyesha mpira siku ya Jumamosi, iwe Manzese au Kariobangi, hutakosa kuiona jezi nyekundu yenye mikono myeupe. Wanaoivaa watakutajia kikosi chote cha Arsenal iliyomaliza msimu wa 2003/04 bila kufungwa, na wapo watakaokutajia hadi waliokuwa benchi. Lakini waulize ni nani aliyeiweka ile mikono myeupe. Hapo wengi wataanza kutazamana.

Jibu ni Herbert Chapman, kocha Mwingereza aliyefariki dunia Januari 1934. Mikono ile aliiweka mwaka 1933, miezi michache tu kabla ya kifo chake. Na jezi ndilo jambo dogo kuliko yote aliyoyafanya.

Chapman aliichukua Northampton Town ikiwa imeshika mkia, akaifanya bingwa. Akaichukua Huddersfield Town isiyokuwa na taji lolote kubwa, akaipa ubingwa wa England mara mbili mfululizo. Akatua Arsenal iliyokuwa ya 20 kati ya timu 22, akaiacha ikiwa klabu kubwa kuliko zote nchini humo. Katikati ya safari hiyo alifungiwa maisha kujihusisha na soka, na ilibaki kidogo jina lake lifutike kabisa.

Kwa shabiki anayefungua msimamo wa ligi baada ya mechi tano na kuanza kudai kocha atimuliwe, maisha ya mtu huyu yana la kusema.

MTOTO WA MCHIMBA MAKAA

Chapman alizaliwa Januari 19, 1878 huko Kiveton Park, kijiji cha wachimba makaa ya mawe karibu na Sheffield. Baba yake alikuwa mchimbaji asiyejua kusoma wala kuandika. Kwa vijana wengi wa pale njia ilikuwa moja tu, kushuka mgodini kama baba zao. Herbert alikuwa na kichwa cha darasani, akapata nafasi ya kusomea uhandisi wa migodi Sheffield.

Mpira alikuwa anaupenda, ila tusidanganyane, hakuwa fundi. Fundi wa nyumbani kwao alikuwa mdogo wake, Harry, aliyetwaa ubingwa wa England mara mbili akiwa na Sheffield Wednesday, mwaka 1903 na 1904. Herbert yeye alikuwa wa kuhamahama. Alipita Stalybridge Rovers, Rochdale, Grimsby Town, Swindon Town, Northampton Town, Sheffield United, Notts County na nyingine ndogo ndogo. Mara nyingi alicheza kama mchezaji wa ridhaa, huku akitafuta riziki yake kwenye uhandisi.

Kituo chake cha mwisho kikubwa kama mchezaji kilikuwa Tottenham Hotspur, alikokaa kuanzia 1905 hadi 1907. Ndiyo, Tottenham, mahasimu wakubwa wa Arsenal. Huko alijulikana zaidi kwa viatu vyake vya rangi ya njano kuliko kwa mabao yake. Enzi hizo kila mchezaji alivaa viatu vya ngozi nzito na ya giza, yeye akaingia uwanjani na njano. 

Mwaka 1907 alikuwa anajiandaa kuachana na mpira na kurudi kwenye uhandisi. Northampton walikuwa wanatafuta mtu wa kuiongoza timu, Chapman akawapendekezea mchezaji mwenzake wa Tottenham. Yule mwenzake alipobadili mawazo, kazi ikamwangukia yeye mwenyewe. Ukocha wake ulianza hivyo, kwa nafasi ya mtu mwingine.

NORTHAMPTON YATOKA MKIANI

Northampton walicheza Ligi ya Kusini, ligi iliyokuwa nje ya Football League. Misimu miwili kabla ya Chapman walikuwa wamemaliza wa mwisho, yote miwili. Msimu wake wa kwanza walimaliza wa nane. Msimu wa pili, 1908/09, wakatwaa ubingwa.

Alichokifanya kinaonekana cha kawaida leo, lakini wakati ule kilikuwa kigeni. Timu nyingi zilikuwa zinaingia uwanjani bila mpango wowote, kila mchezaji na kipaji chake, mwenye mbio akimbie na mwenye nguvu apige mpira mbele. Chapman aliwakalisha wachezaji chini na kuwaeleza nani asimame wapi. Aligundua kwamba timu inaposhambulia muda wote inawajaza mabeki wa wapinzani kwenye eneo lao na kuziba nafasi. Akawafundisha vijana wake kurudi nyuma kidogo, wawavute wapinzani mbele, kisha wawachape kwa shambulizi la kushtukiza.

Mwaka 1911 alimsajili Walter Tull kutoka Tottenham. Tull alikuwa Mwingereza mweusi, baba yake ametokea Barbados. Tottenham walikuwa wamempeleka kikosi cha akiba baada ya mashabiki wa Bristol kumtolea matusi ya ubaguzi wakati wa mechi. Chapman alimpa jezi na Tull akacheza mechi zaidi ya 100 pale Northampton. Baadaye akawa ofisa wa jeshi la Uingereza, akauawa vitani Ufaransa Machi 1918.

LEEDS CITY NA KIFUNGO CHA MAISHA

Mwaka 1912 Chapman alichukuliwa na Leeds City, klabu ya Daraja la Pili iliyokuwa imetoka kumaliza ya 19 kati ya timu 20. Kwa utaratibu wa wakati ule, timu za mkiani zililazimika kuomba kura za klabu nyingine ili zibaki kwenye ligi. Leeds walipata kura hizo. Msimu wake wa kwanza walimaliza wa sita, msimu wa pili wa nne, wakikosa kupanda daraja kwa pointi mbili.

Vita Kuu ya Kwanza ikavuruga kila kitu. Ligi ilisimama mwaka 1915, na mwaka uliofuata Chapman akaenda kusimamia kiwanda cha mabomu huko Barnbow, karibu na Leeds. Klabu ikaachwa mikononi mwa wengine, ikacheza mechi za wakati wa vita kwa kutumia wachezaji wa kuazima.

Vita vilipoisha, Leeds City walishtakiwa kwamba walikuwa wanawalipa wachezaji hao wa kuazima kinyume cha taratibu. Viongozi wa soka wakadai vitabu vya hesabu. Klabu ikagoma kuvitoa.

Hukumu ilikuwa nzito. Oktoba 1919, baada ya kucheza mechi nane tu za msimu, Leeds City ilifukuzwa kwenye ligi. Matokeo na nafasi yake vikachukuliwa na Port Vale. Wachezaji wakauzwa kwa mnada kwenye hoteli moja mjini Leeds, klabu zikipanga bei mchezaji mmoja mmoja kama vitu vya dukani. Leeds United tunayoijua leo ilizaliwa baada ya msiba huo.

Viongozi watano wakafungiwa maisha. Chapman akiwamo.

Alikuwa ameshajiuzulu tangu Desemba 1918 na kwenda kufanya kazi kiwandani Selby. Mwishoni mwa 1920 hata kazi hiyo ikaisha. Akiwa na miaka 42, mwenye familia, hakuwa na kazi wala ruhusa ya kurudi kwenye kazi aliyoijua kuliko zote.

HUDDERSFIELD YAMFUNGULIA MLANGO

Waliomtoa shimoni ni Huddersfield Town. Nayo ilikuwa klabu changa yenye majeraha yake. Ilianzishwa 1908, na mwaka 1919 mwenyekiti wake alitaka kuihamishia Leeds kuziba pengo la Leeds City. Wananchi wa Huddersfield wakachangishana fedha ili timu yao isiondoke mjini. Msimu huohuo timu ikapanda Daraja la Kwanza.

Huddersfield walimsaidia Chapman kukata rufaa. Hoja ilikuwa nyepesi: wakati malipo yale yanadaiwa kutolewa, yeye alikuwa kiwandani Barnbow, hakuwa ofisini Leeds City. Kifungo kikaondolewa. Mapema mwaka 1921 alianza kama msaidizi, na kabla ya msimu kumalizika timu ikawa yake.

Mmoja wa watu aliowasajili mapema ni Clem Stephenson wa Aston Villa, kiungo mshambuliaji ambaye wengi walidhani amekwisha. Chapman hakuwa anatafuta mbio, alitaka kichwa cha kuiongoza timu. Mwaka 1922 Huddersfield wakatwaa Kombe la FA kwa kuifunga Preston North End 1-0 kwa penalti. Kwenye ligi wakatoka nafasi ya 14 hadi ya tatu. Msimu uliofuata ndio ule ambao wapenda takwimu wanausimulia hadi leo.

UBINGWA WA DESIMALI

Siku ya mwisho ya msimu wa 1923/24, Cardiff City ya Wales ilikuwa kileleni, pointi moja mbele ya Huddersfield. Cardiff walikuwa ugenini kwa Birmingham, Huddersfield nyumbani na Nottingham Forest.

Huddersfield walishinda 3-0. Kule Birmingham mechi ilikuwa 0-0 Cardiff walipopata penalti. Mpigaji alikuwa Len Davies, mfungaji wao tegemeo. Akakosa. Mechi ikaisha bila bao.

Timu zote mbili zikawa na pointi 57. Huddersfield walikuwa wamefunga mabao 60 na kufungwa 33. Cardiff walifunga 61 na kufungwa 34. Tofauti ya mabao ni ileile, 27 kwa 27. Lakini siku hizo hawakutumia tofauti ya mabao, walitumia wastani: unachukua mabao ya kufunga unagawa kwa ya kufungwa. Huddersfield wakapata 1.818 na Cardiff 1.794. Ubingwa wa England ukaamuliwa na 0.024.

Kwa utaratibu wa sasa wa Ligi Kuu, ambapo timu zikilingana kwa tofauti ya mabao inaangaliwa iliyofunga mengi, Cardiff wangekuwa mabingwa. Hapo mshabiki wa Cardiff anaweza kulia. Ila akumbuke kwamba wakati ule ushindi ulikuwa na pointi mbili. Ukihesabu kwa pointi tatu za siku hizi, Huddersfield walioshinda mechi 23 na kutoka sare 11 wanapata 80, Cardiff walioshinda 22 na kutoka sare 13 wanapata 79. Chapman bado anabeba kombe, safari hii kwa pointi moja.

Msimu wa 1924/25 hapakuwa na haja ya desimali. Huddersfield walitetea ubingwa wakiwa wamefungwa mabao 28 tu katika mechi 42, na hakuna mechi hata moja ya ligi waliyofungwa zaidi ya mabao mawili.

Kilele kile ndicho Chapman aliamua kukiacha.

TANGAZO LA KAZI ARSENAL

Arsenal ilianzishwa mwaka 1886 na wafanyakazi wa kiwanda cha silaha kule Woolwich, kusini mashariki mwa London, ndiyo maana hadi leo nembo yake ina mzinga. Mwaka 1913 mwenyekiti wake, Henry Norris, aliihamishia Highbury, kaskazini mwa jiji, jirani kabisa na Tottenham. Mwaka 1919, Daraja la Kwanza lilipoongezwa timu, Arsenal ikaingizwa kwa kura huku Tottenham ikiachwa nje. Uhasama wa timu hizi mbili una mizizi yake hapo.

Pamoja na ujanja wote wa Norris mezani, uwanjani timu ilikuwa hoi. Msimu wa 1923/24 ilimaliza ya 19, uliofuata ya 20. Norris akatoa tangazo gazetini la kutafuta kocha, akionya kwamba mtu anayetegemea kununua wachezaji kwa fedha nyingi asijisumbue kuomba.

Chapman aliomba, akaichukua kazi kwa mshahara wa pauni 2,000 kwa mwaka, kiwango kikubwa kwa kocha wa wakati ule. Alipofika aliweka wazi kwamba kujenga timu ya ubingwa kutamchukua miaka mitano. Na ule mkwara wa kwenye tangazo? Kabla msimu haujaanza alishamshawishi Norris kumsajili mshambuliaji Charlie Buchan kutoka Sunderland. Makubaliano yalikuwa ya aina yake: pauni 2,000 mkononi, na pauni 100 kwa kila bao atakalofunga msimu wa kwanza. Buchan akafunga 21. Ilibidi Arsenal watoe pauni 2,100 zaidi.

KICHAPO CHA 7-0 KILICHOBADILI MPIRA

Majira hayohayo ya 1925 sheria ya kuotea ilibadilishwa. Awali mshambuliaji alihitaji wapinzani watatu, kipa akiwemo, kati yake na mstari wa goli ili asiwe ameotea. Beki mmoja mjanja aliweza kupanda mbele na kuua shambulizi zima. Sasa wakahitajika wawili tu. Mabao yakamwagika. Daraja la Kwanza likatoka mabao 1,192 msimu wa 1924/25 hadi 1,703 msimu uliofuata.

Oktoba 3, 1925 Arsenal walikwenda Newcastle wakachapwa 7-0. Buchan alikuwa amekasirika kupita kiasi. Kwa muda alikuwa anasema sentahafu, ambaye wakati ule alikuwa kiungo wa kupanda na kushuka, arudishwe kati ya mabeki wawili kumkaba straika. Baada ya kipigo kile Chapman alikubali. Akaongeza na jambo jingine: kama mtu mmoja anatoka katikati kwenda kukaba, basi mshambuliaji mmoja ashuke kuziba pengo na kuanzisha mashambulizi.

Siku mbili baadaye Arsenal waliifunga West Ham 4-0.

Polepole mfumo huo ukakamilika: mabeki watatu, viungo wawili, washambuliaji wawili wa nyuma kidogo na watatu mbele. Ukiuchora ubaoni unapata herufi W juu na M chini, na dunia ikauita WM. Timu nyingi duniani zikautumia kwa zaidi ya miaka 20.

Msimu ule Arsenal walimaliza wa pili, kutoka nafasi ya 20. Waliowazidi kwa pointi tano ni Huddersfield, waliotwaa taji la tatu mfululizo kwa kikosi alichokijenga Chapman mwenyewe.

MIAKA MITANO BILA UBINGWA

Hapa ndipo mashabiki wa leo wangemkimbiza mtu. Baada ya nafasi ya pili, Arsenal ya Chapman ilimaliza ya 11, ikaja ya 10, ya tisa, na msimu wa 1929/30 ikashika nafasi ya 14. Mwaka 1927 walitinga fainali ya Kombe la FA dhidi ya Cardiff, walewale wa desimali. Shuti la Hughie Ferguson likamponyoka kipa wa Arsenal, Dan Lewis, ambaye mwenyewe alikuwa Mwelshi, na Cardiff wakashinda 1-0. Kombe likavuka mpaka na kwenda Wales kwa mara ya kwanza na ya mwisho hadi leo. Ukipenda, sema deni la 1924 lililipwa.

Kwa joto la Simba na Yanga, kocha anayemaliza wa 14 hafiki hata Krismasi. Chapman hakuguswa. Mwaka 1927 Norris aliondolewa kwenye soka baada ya uchunguzi wa fedha za klabu, na Chapman akabaki na nguvu kuliko kocha yeyote nchini. Zama hizo kwenye klabu nyingi wakurugenzi ndio waliopanga timu. Arsenal ikapangwa na kocha.

Wakati msimamo wa ligi ukionyesha timu ya katikati, nyuma ya pazia alikuwa anaunganisha kikosi mtu mmoja mmoja. Eddie Hapgood, kijana mwembamba aliyekuwa anachezea Kettering, akageuzwa kuwa fulubeki na baadaye nahodha wa England. Herbie Roberts akawa sentahafu wa kukaba tu, kazi isiyo na sifa ila iliyobeba mfumo mzima. Cliff Bastin alichukuliwa Exeter akiwa na miaka 17, akaja kuwa winga mwenye mabao kama straika. Alex James, Mskoti mfupi wa kaptula pana, alitoka Preston kwa pauni 8,750. Chapman alimtoa kwenye kufunga na kumfanya injini ya kusambaza mipira.

Kisa kinachosimuliwa zaidi ni cha David Jack wa Bolton, mwaka 1928. Inaelezwa kwamba Chapman alifika mapema hotelini palipopangwa mazungumzo, akamwambia mhudumu awamiminie wageni pombe mara mbili ya kawaida, na kwake yeye aweke kinywaji kinachofanana na pombe lakini kisicho na pombe. Bolton walianza na bei kubwa, wakaishia kukubali pungufu. Hata hivyo, Jack alikuwa mchezaji wa kwanza kuuzwa kwa zaidi ya pauni 10,000.

MIAKA MITANO IMETIMIA

Aprili 26, 1930, Wembley. Fainali ya Kombe la FA, Arsenal dhidi ya Huddersfield. Kwa sababu ya Chapman, timu mbili zilitoka zikiongozana sambamba kwa mara ya kwanza, utaratibu ambao umebaki kuwa desturi ya fainali. James alifunga, Jack Lambert akaongeza, 2-0. Lilikuwa taji kubwa la kwanza katika historia ya Arsenal, mwaka wa tano tangu Chapman afike.

Msimu wa 1930/31 ukaja ubingwa. Arsenal walishinda mechi 28, sare 10, wakapoteza nne. Mabao 127, pointi 66, saba zaidi ya Aston Villa walioshika nafasi ya pili. Kombe la ligi lilikuwa halijawahi kufika London. Tangu ligi ianze mwaka 1888 lilikuwa mali ya timu za kaskazini na za katikati ya nchi.

Msimu uliofuata walikosa vyote viwili mlangoni. Wa pili nyuma ya Everton kwenye ligi, na kwenye fainali ya FA walifungwa na Newcastle 2-1, bao la kusawazisha la Newcastle likitokana na mpira ambao picha zilionyesha ulikuwa umeshatoka nje.

Januari 1933 ikatokea aibu kubwa zaidi. Kwenye Kombe la FA, Arsenal wakiwa wamekosa wachezaji kadhaa muhimu kwa mafua na majeraha, walifungwa 2-0 na Walsall ya Daraja la Tatu. Chapman hakuwa mtu wa mchezo. Tommy Black, kijana aliyecheza rafu iliyozaa penalti, hakuvaa tena jezi ya Arsenal. Ndani ya siku chache aliuzwa Plymouth. Upande huo wa ukatili nao ulikuwa sehemu yake, na sifa zote za ukarimu wake kwa wachezaji hazikuufuta. Msimu huohuo Arsenal wakarudi kileleni na kutwaa ubingwa wa pili.

ALIYATAKA YA KESHO

Nje ya uwanja kichwa chake kilikuwa mbele ya viongozi wa soka kwa miaka. Agosti 1928 aliwavalisha wachezaji wake namba mgongoni, wakubwa wakapinga. Aliweka saa kubwa uwanjani inayohesabu dakika 45, wakamwambia aibadilishe, ikawa saa ya kawaida. Alifunga taa Highbury ili mechi zichezwe usiku, na taa hizo hazikuruhusiwa kwenye mechi za mashindano hadi miaka ya 1950. Alijaribu kumsajili kipa wa Austria, Rudy Hiden, serikali ikamzuia asiingie nchini kufanya kazi.

Ushindi wake mtamu ulikuwa dhidi ya mamlaka ya treni za chini ya ardhi. Kituo cha jirani na uwanja kiliitwa Gillespie Road. Chapman aliwashawishi hadi wakakibadili jina mwaka 1932, pamoja na ramani na tiketi zote. Leo bado kinaitwa Arsenal, ingawa timu yenyewe imehamia uwanja mwingine.

SIKU TANO ZA MWISHO

Mwaka 1934 ulipoanza, Arsenal ilikuwa inaongoza ligi. Januari 1 Chapman alikwenda kuitazama Bury ikicheza na Notts County. Siku iliyofuata akawafuatilia Sheffield Wednesday, wapinzani wake wa Jumamosi. Akarudi London na mafua makali. Daktari wa klabu alimshauri apumzike. Akaona hajaiona timu yake ya tatu kwa muda mrefu, akasafiri hadi Guildford kuitazama kwenye baridi.

Mafua yakageuka nimonia. Alfajiri ya Jumamosi, Januari 6, akafariki nyumbani kwake Hendon. Alikuwa na miaka 55, siku 13 kabla ya kutimiza 56.

Mechi haikuahirishwa. Bastin alizipata habari akiwa njiani kwenda uwanjani, kutoka kwa wauza magazeti. Uwanja mzima ukasimama kimya, wachezaji wakacheza kwa sababu ilikuwa lazima wacheze, wakatoka sare ya 1-1. Kwenye mazishi, jeneza lilibebwa na Hapgood, Jack, Hulme, Lambert, Bastin na James.

Msimu ulipoisha mwezi Mei, msimamo wa ligi ulisomeka hivi: wa kwanza Arsenal, pointi 59. Wa pili Huddersfield Town, pointi 56. Kilele chote kilikuwa cha klabu mbili alizozijenga mtu ambaye hakuwepo kukiona.

Mwaka 1935, chini ya George Allison, Arsenal wakatwaa taji la tatu mfululizo, jambo ambalo kabla yao lilikuwa limefanywa na Huddersfield peke yao. Ilibidi kusubiri hadi Liverpool ya 1984 kuona klabu nyingine ikilifanya. Katika yale mawili ya mwanzo, aliyeanzisha hesabu alikuwa mmoja, na mara zote mbili taji la tatu lilinyanyuliwa na kocha mwingine.